Panya wa marehemu baba ana matundu mawili tumboni: ni kitu gani, na nikifanyeje?

SWALI: Assalamu alaykum. Marehemu baba alikuwa baharia. Miaka ya 1960 na 1970 alifanya kazi kwenye meli za mizigo zilizokuwa zikifika hadi Kobe na Yokohama, bandari za Japani. Tulipogawana vitu vyake, mimi nilipata kipanya kidogo cha kuchongwa, urefu wake kama upana wa vidole viwili. Rangi yake ni krimu, ila tumboni ni njano zaidi. Mkia umezungushwa chini ya mwili. Tumboni kuna matundu mawili, moja kubwa kuliko jingine, na herufi mbili ambazo nadhani ni za Kichina. Sonara mmoja amenishauri nitoboe tundu mgongoni kiwe kidani. Mdogo wangu aliye Uingereza naye anataka nimpelekee akakiuze. Naomba kujua ni kitu gani, kama ni pembe ya ndovu kweli, na nifanye nini. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, na Mola amrehemu mzee wako.

Nianze na lililo la haraka. Mwambie sonara asikiguse, na mdogo wako asitafute mnunuzi kwa sasa. Sababu moja ni ya ufundi na nyingine ni ya sheria, na zote mbili nitazifikia. Kwanza ujue ulicho nacho mkononi.

Kwa ulivyoeleza, hiyo ni netsuke, kazi ya Wajapani, na herufi hizo mbili ni kanji, maandishi ambayo Japani na China wanayatumia wote. Si hirizi, si sanamu ya ibada, wala hapo asili haikuwa kidani. Ni kizuizi cha kamba kiunoni. Ilivaliwa zaidi na wanaume katika zama za Edo, yaani tangu 1603 hadi 1868, na iliendelea kidogo baada ya hapo.

Kimono haina mifuko. Wanawake walitia vitu vyao vidogo kwenye mikono mipana ya vazi au kifuani. Mwanamume aliyetaka kutembea na tumbaku, dawa, muhuri au kalamu yake alivitundika kiunoni kwa kamba. Bibi zetu walilimaliza tatizo hilohilo kwa kufunga hela kwenye pindo la leso. Wajapani walipitisha kamba nyuma ya obi, ule mshipi mpana wa kitambaa, ikachomoza juu, na kwenye ncha hiyo ya juu wakafunga kitu kinene kisichoweza kuteleza kurudi chini. Kitu hicho ndicho netsuke. Ncha ya chini ilibeba mfuko wa tumbaku pamoja na kiko, au inro, kile kisanduku chembamba cha laka (utomvu wa mti unaopakwa ukakauka na kung'aa) chenye vyumba vinavyopandana, ambacho mwanzoni kilitiwa muhuri na baadaye dawa. Kati ya netsuke na inro kulikuwa na ushanga mmoja uitwao ojime. Ukiuteremsha, kamba inabana na vyumba vya inro havifunguki. Ukiupandisha, unafungua na kuchukua dawa yako. Seti nzima ilikaa ubavu wa kulia, maana kushoto kwa samurai, askari wa tabaka la juu, kulikuwa na panga zake.

Kilichoifanya netsuke ienee mijini ni tumbaku. Wareno waliifikisha Japani mwishoni mwa karne ya 16, serikali ikajaribu kuipiga marufuku, na watu wakavuta vilevile. Kila mvutaji alihitaji kubeba kiko na mfuko wake, kwa hiyo akahitaji na kizuizi. Pia kulikuwa na sheria zilizowakataza wafanyabiashara kuvaa kifahari, hata wale waliokuwa na fedha kuliko samurai waliokopa kwao. Aliyezuiwa kuvaa hariri ya rangi kali aliweza kuagiza kwa fundi mkubwa kitu cha sentimita nne, akakichomeka kiunoni, na wanaojua wakaelewa. Ndiyo maana utaona ufundi mwingi kiasi hicho katika kitu kidogo namna ile.

Sasa tumtazame panya wako, na tuanze na mkia.

Unasema umezungushwa chini ya mwili. Mtu asiyejua atadhani fundi alitaka tu kupendeza. Netsuke ilikaa kati ya mkono wa mtu, kitambaa cha obi na kamba ya hariri, mchana kutwa. Chochote kilichochomoza kingenasa uzi wa vazi au kuvunjika. Kwa hiyo fundi alilazimika kumkunja mnyama mzima hadi awe donge: miguu ndani, masikio yamelala mgongoni, mkia umepita chini ya tumbo na ncha yake kurudi ubavuni. Mchongaji wa kawaida anayefanya hivyo hutoa panya aliyebanwa kwenye kopo. Mchongaji bora hutoa panya ambaye amejikunja kwa hiari yake, na hilo ndilo ninaloliangalia kwanza ninapopewa netsuke ya mnyama. Ukimshika ukafumba macho, kidole gumba kizunguke mwili mzima bila kuchomwa na chochote. Jaribu, kisha uniambie.

Na kwa nini panya? Kwa Wajapani panya ndiye wa kwanza kati ya wanyama 12 wa kuhesabia miaka. Miaka yake ni kama 1960, 1972, 1984, 1996, 2008 na 2020. Tena ni mwandani wa Daikoku, mungu wao wa utajiri, anayechorwa akiwa juu ya magunia ya mchele. Panya hashindi kwenye ghala tupu, kwa hiyo mfanyabiashara aliyemtundika kiunoni alikuwa akijitakia heri. Wachongaji walimpenda sana. Masanao wa Kyoto, wa karne ya 18, anajulikana kwa panya na shomoro wake, na Ikkan wa Nagoya, wa karne ya 19, alichonga panya wa mbao ambao kila unyoya unaonekana.

Geuza kipande chako, maana ushahidi mwingi uko chini, mahali ambapo mnunuzi wa haraka hatazami. Hayo matundu mawili yanaitwa himotoshi. Kamba iliingia moja, ikapita ndani ya mwili na kutokea la pili, kisha ikapigwa fundo. Tundu moja linakuwa kubwa ili fundo lizame ndani lisionekane. Umeniandikia kuwa moja ni kubwa kuliko jingine, na hilo limenifurahisha, kwa sababu bidhaa nyingi za watalii zina matundu mawili yaliyo sawa kabisa, madogo, yenye ukingo mkali, yaliyopigwa kwa mashine na mtu ambaye hakufikiria kwamba kamba itapita. Lakini ukubwa peke yake hautoshi. Chukua lenzi ya sonara uangalie ukingo wenyewe. Kamba ya hariri iliyovutwa miaka mingi hula ukingo wa tundu, hasa ule upande unaotazamana na tundu la pili, ukawa mviringo na laini. Angalia pia mahali yalipowekwa. Pitisha uzi umtundike: panya akininginia uso ukiwa nje na mgongo juu, fundi alijua anachofanya. Akipinduka kichwa chini, huyo alitobolewa kwa kufuata desturi tu.

Rangi nayo inasema kitu. Pembe ya ndovu ikikaa gizani hugeuka njano, na ikikaa mwangani hubaki nyeupe. Netsuke iliyovaliwa ilikuwa na upande mmoja ukigusa nguo na mwingine ukitazama jua. Tumbo kuwa njano kuliko mgongo ni jambo la kawaida kwa netsuke iliyofanya kazi. Hata hivyo waghushi wanalijua hilo pia, na wengi huchovya vitu vyao kwenye chai au dawa ya rangi. Tofauti ni kwamba rangi ya kuchovya hujikusanya kwenye mikwaruzo na mashimo na kuacha mstari mweusi kila penye mchongo, ilhali rangi ya umri hupita taratibu kutoka nyeupe hadi asali, na sehemu zilizochomoza, kama pua, magoti na mgongo wa mkia, huwa zimesuguliwa hadi michoro ya manyoya imefifia. Kama manyoya ya mgongoni ni makali sawasawa na ya mvunguni mwa miguu, huyo panya hajawahi kuvaliwa.

Herufi mbili za sahihi ndizo ushahidi ambao mimi ninauamini kwa mwisho. Najua hapo ndipo watu wengi huanzia. Mwaka 1781 mfanyabiashara mmoja wa Osaka, Inaba Tsuryu, alichapisha kazi iliyoorodhesha wachongaji wa netsuke zaidi ya 50, na tayari wakati huo alionya kwamba ng'ombe waliochongwa na Tomotada wa Kyoto wanatafutwa sana na wanaigizwa sana. Hiyo ni zaidi ya miaka 240 iliyopita! Tangu hapo jina la Tomotada, la Masanao na la Okatomo yamechongwa kwenye maelfu ya vitu ambavyo mabwana hao hawakuvigusa. Mengine yaliandikwa na wanafunzi kwa heshima ya mwalimu, mengine na matapeli. Na wako mafundi wakubwa ambao hawakuandika jina kabisa, kama Yoshimura Shuzan wa Osaka, aliyechonga mbao na kuzipaka rangi. Kwa hiyo mtu akikusomea sahihi na kukwambia “huyu ni fulani, ni mali kubwa”, bila kugeuza kipande wala kutazama matundu, usimsikilize.

Sasa swali lako la pembe. Netsuke zilitengenezwa kwa vitu vingi: pembe ya ndovu, mti mgumu wa manjano uitwao tsuge, pembe za kulungu, jino la nguruwe mwitu (hasa huko Iwami, alikofanya kazi Tomiharu na baadaye binti yake Bunshojo, mmoja wa wanawake wachache wa ufundi huo waliojulikana kwa jina), jino la nyangumi, jino la kiboko, matumbawe meusi, laka, chuma. Pembe za ndovu hazikuwa za Japani. Ziliingia na wafanyabiashara wa China na meli za Waholanzi kupitia Nagasaki, nchi ilipokuwa imewafungia wageni wengine. Zilikuwa ghali kiasi kwamba masalio ya pembetatu yaliyobaki baada ya kukata vipande vya kupigia shamisen, kinanda chao cha nyuzi tatu, yaligeuzwa netsuke, na ndiyo maana netsuke nyingi za zamani zina umbo la pembetatu.

Huwezi kujua kwa uzito au kwa ubaridi wa kushika, ingawa watu husema hivyo. Tafuta sehemu tambarare zaidi ya kipande, mara nyingi chini, uitazame kwa lenzi kwenye mwanga wa pembeni. Pembe ya ndovu ina makundi mawili ya mistari miembamba inayokatana, na mahali inapokatana karibu na ukingo wa nje hufanya kona pana, zaidi ya nyuzi 90. Pembe ya mamothi, ndovu wa kale wa Siberia ambaye wachongaji wa leo wanamtumia, mistari yake hukatana kwa kona kali, chini ya nyuzi 90. Jino la kiboko halina mistari ya kukatana, lina mizunguko myembamba iliyobanana. Mfupa una vitone au vijishimo vyeusi vidogo, ambako damu ilipita. Plastiki haina chochote kati ya hivyo, na ukitazama kwa makini huenda ukaona mshono wa kalibu ukipita ubavuni. Ile tochi ya kukagulia noti nayo inasaidia: pembe na mfupa hung'aa samawati nyeupe kali, plastiki nyingi hufifia. Tafadhali usifanye jaribio la sindano ya moto ambalo utaambiwa sokoni. Linaacha kovu la kudumu, na lenzi ingekupa jibu lilelile bila hasara.

Macho je, ni ya rangi nyeusi yaliyopachikwa? Kama ni pembe ya nyati au matumbawe meusi, utaona kidonge kimezamishwa kwenye tundu lake, na kinang'aa kwa namna tofauti na mwili. Kama ni rangi ya kupaka, itakuwa imemenyeka kwenye kingo.

Maoni yangu ni haya. Baada ya 1868 Wajapani walianza kuvaa suti zenye mifuko na kuvuta sigara, na netsuke ikakosa kazi. Wageni wakaanza kuzinunua kwa wingi, wachongaji wakageukia sanamu za kuweka mezani, na mafundi wa bandarini wakatoa netsuke za kuuzia wapita njia. Miaka mzee wako aliyokuwa akishuka Kobe na Yokohama, maduka yalikuwa yamejaa netsuke mpya, na nyingine zilitoka Hong Kong. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba alinunua zawadi ya karne ya 20. Lakini matundu yasiyolingana, tumbo la njano na mkia uliolala vizuri vinanizuia kusema hivyo kwa uhakika. Baharia mwenye jicho zuri aliweza kukipata kitu cha kale, maana vilikuwa bado vinauzwa pamoja na vipya.

Kwa hali zote mbili usitoboe mgongo. Kama ni ya kale, tundu la tatu linaharibu kile kinachoifanya iwe netsuke, na hakuna fundi atakayeliziba lisionekane. Kama ni mpya, bado ni kazi ya mikono ya mtu aliyeshinda akichonga unyoya mmoja mmoja. Ukitaka kuivaa, pitisha kamba laini kwenye matundu yake yenyewe. Yalitobolewa kwa ajili hiyo.

Tuje kwenye sheria, na hapa naomba unisikilize vizuri. Julai 1989 Rais Moi aliteketeza tani 12 za pembe Nairobi, na Oktoba mwaka huohuo nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zikakubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika. Japani wakati huo ndiyo ilikuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote, na sehemu ya pembe hizo ilichongwa netsuke za kuuzwa kwa wageni. Aprili 2016 Kenya ikachoma tani 105. Nchi yetu haina mzaha katika jambo hili, na mimi naona iko sawa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haiulizi kwanza kama pembe ni ya babu yako au ya jangili: kuwa nayo bila kibali ni kosa. Urithi haukupi kibali. Kwa hiyo usiipeleke sokoni, usitangaze mtandaoni, usiitie kwenye posta wala kwenye begi la msafiri. Lenzi ikikuonyesha mistari inayokatana, mtafute wakili aandike barua kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa niaba yako, ieleze kitu kilivyopatikana na iambatane na hati za mirathi na kitabu cha ubaharia cha mzee kama mnacho. Kama lenzi haikupi uhakika, wakili huyohuyo anaweza kuwauliza wataalamu wa makumbusho ya Fort Jesus.

Huko Uingereza mlango nao ni mwembamba. Tangu 6 Juni 2022 kuuza kitu cha pembe ya ndovu ni marufuku, isipokuwa kwa misamaha michache. Netsuke nzima ya pembe inaweza kuuziwa mtu binafsi tu ikithibitishwa kuwa ni ya kabla ya 1918, tena yenye thamani ya kipekee ya kisanaa au kihistoria, na cheti hicho hutolewa baada ya wataalamu kuikagua. Wala msifikirie kusema ni jino la kiboko: tangu Januari 2025 sheria hiyo inamhusu kiboko pia. Mdogo wako akitaka kuona netsuke za kweli, aende Victoria and Albert au British Museum huko London, kuingia ni bure. Akitoka hapo atajua mwenyewe kama panya wenu anafanana na wale.

Watu huniuliza pia kama pembe iliyo kwenye netsuke ilitoka kwetu. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe, na mizigo ilikwenda Bombay, London na Marekani. Lakini kwa macho tu hakuna awezaye kukuambia pembe fulani ilitoka bara gani, kwa hiyo anayekuhadithia kuwa hiyo ni pembe ya Tsavo iliyozunguka dunia anakuuzia hadithi.

Ukiwa unasubiri barua, panya akae kwenye kitambaa cheupe cha pamba, maana pembe hunyonya rangi ya kitambaa. Asiwekwe dirishani wala karibu na jiko wala mbele ya kiyoyozi, kwani ukavu na joto la ghafla hupasua pembe. Usimwoshe kwa limau, siki wala sabuni. Brashi laini kavu inatosha. Na piga picha nne kwa mwanga wa asubuhi: mgongo, tumbo, uso, na matundu kwa karibu kabisa, kila moja ikiwa na rula pembeni. Picha hizo mpe wakili, kisha zinitumie na mimi. Ile ya matundu iwe kali kuliko zote.